Mizizi Iliyonuka Moshi

Feza aliuvunja mzizi, akaunusa, na jembe likamponyoka mkononi. Mzizi ulinuka moshi.

Haya, niambie weye unayesikiliza: ni mzizi gani unaotolewa matopeni, umelowa chapachapa, halafu unanuka moshi kama samaki wa kukausha? Feza hakuamini pua yake. Aliuosha kijitoni, akaunusa tena. Moshi. Akachimbua wa pili, akauvunja, akaupeleka puani. Moshi uleule, tena wa jikoni kwake mwenyewe, wenye harufu ya maganda ya chikichi anayowashia moto kila asubuhi.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti, peke yake pale bondeni. "Nani ananichezea?"

Mmea wenyewe watu waliuita tangawizi ya Madamu, na kama huujui, shukuru. Serikali ilikuwa na nyumba ya wageni ng'ambo ya kilima, kando ya barabara itokayo Kasongo kwenda Kabambare. Baada tu ya vita ya Wazungu ya 40-45, Madamu mmoja, mke wa bwana wa pamba, alikaa humo majira mazima ya mvua. Upweke ukamchosha, akapanda maua kuzunguka baraza: majani marefu, shina la tangawizi, mizizi yenye vidole vilivyonona, na ua jeupe lenye harufu tamu ya kukufuata hadi nyumbani. Madamu akarudi kwao Ulaya. Maua yakabaki, wala hayakuonekana kumlilia.

Marcelline, jirani yake Feza, mwanamke wa mdomo mwepesi na moyo mweupe, aliwahi kutia mzizi huo katika chai. Alishinda akitema mate mpaka jua likazama. "Hata mbuzi zangu zilinusa zikageuka," alisema. "Mi nikajiona niko na akili kupita mbuzi."

Siku moja mmea ukaonekana bondeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Mgeni huyu alikuja, mwenyeji akaugua. Haikupita miaka mingi ukajaza kijito cha Kamimbi, ukafunga maji, mpunga wa juu ukazama na mpunga wa chini ukakauka. Ukiukata, unachipua maradufu. Ukiuacha, unakufuata mlangoni. Watu walisema ni maji yaliyouleta kutoka kwa Madamu, na hakuna aliyekaa kufikiri zaidi ya hapo, maana mtu mwenye njaa hatafuti ukoo wa magugu.

Ndipo akaletwa André. Alikuwa monitère, yaani mwalimu wa kilimo wa serikali, kijana wa Kasongo aliyesomeshwa na mapadri, soksi mpaka magotini, baiskeli yenye kengele kali. Aliwakusanya watu wa bonde akavua viatu, akaingia matopeni mwenyewe, na kwa hilo walimheshimu. "Musikate na panga," aliwaambia. "Ukikata, unaizalisha. Chimba, fuata kila kidole, usiache hata kimoja ndani. Usitupe kwenye maji, maji itapandia mwenzako. Tengeneza kichanja, washa moto chini, kausha mpaka mzizi uvunjike kama kuni. Kisha choma."

Hayo yalikuwa mafundisho mazuri. Sheria iliyofuata ndiyo iliyokuwa chungu. Bwana Agronomo, Mzungu mkubwa wa kilimo, alikuwa amesema kwamba siku ya ukaguzi, shamba litakaloonekana na chipukizi hata moja litapewa mtu mwingine, na mwanamume mwenye shamba hilo atapelekwa gereza la Kabambare.

Sasa mume wa Feza, Célestin, gereza hilo alikuwa analijua. Alifungwa humo kwa ajili ya pamba ya serikali iliyosongwa na majani wakati yeye mwenyewe yuko kitandani na homa. Walimpiga kiboko mbele ya bendera. Alirudi kwa miguu, akipita pembeni pembeni ya barabara kama anayeomba radhi kwa kupita, na tangu siku hiyo hakulala chali tena. Kengele ya baiskeli ikilia, hata ya mtu wa kununua kuku, Célestin alisimama wima, akashika kofia kifuani. Alikuwa mwanamume wa vicheko zamani. Feza alilala kando yake akisikia anavyosaga meno, akajiapia: huyu hatarudi Kabambare, hata kama itanibidi nichimbe bonde zima kwa kucha.

Na alichimba kwelikweli! Feza hakuwa mwanamke wa mchezo. Alifuata kila kidole cha mmea ule mpaka alipotoka. Aliuchukia kama mtu anavyomchukia mwizi wa kuku. Nyuma ya jiko lake kichanja kilijaa mizizi, moto ukiwaka chini yake mchana kutwa, na mama mkwe wake, bibi Fatuma, akikaa karibu akiuangalia usizimike, kwa kuwa miguu yake haikuwa tena ya shambani. Vipande vya bondeni kwa Feza vikawa safi, ungeweza kutandika mkeka.

Isipokuwa mahali pamoja tu. Pale kijito kinapopinda, chini ya mkindu, palikuwa na sehemu ndogo kama mlango wa nyumba, na hapo tangawizi ilirudi. Anachimba, panakuwa peupe. Mvua mbili tatu, chipukizi tena. Anachimba kwa kina zaidi, akiingiza mkono mpaka kwapani. Zinarudi. Mwanzoni alijilaumu kwamba ameacha vidole chini. Kisha akaona jambo la kumtia baridi: udongo wa juu ulikuwa umegandamizwa, umelainishwa vizuri kwa kiganja. Ndipo siku hiyo akaunusa mzizi.

Kumbe mtu alikuwa anaiba mizizi yake kichanjani, ile ya ukingoni isiyokauka bado, na kuipanda tena shambani kwake! Feza alikaa chini. Anayeiba muhogo ana njaa. Anayeiba magugu, tena akayapande kwako siku chache kabla ya ukaguzi, huyo anataka nini kama si kukumaliza?

Alimfikiria Marcelline kwanza, na hapo alikosea, lakini hasira haina macho. Shamba la Marcelline lilipakana na lake. Mume wa Marcelline alikuwa amekwisha kulisifia bonde lile mara nyingi, akilisifia kwa macho ya mtu anayepima. Feza alikwenda moja kwa moja na matope yake miguuni, akamkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Marcelline, unataka Célestin afungwe?"

Mchi ulibaki hewani. "Unasema nini?"

"Mizizi inatoka kwenye kichanja changu, inapandwa kwenye shamba langu. Ni nani mwingine yuko na faida?"

Marcelline aliweka mchi chini polepole. Uso wake ulibadilika, na si kwa hasira. "Feza. Mi nimezaa na weye kwenye mwezi mmoja. Tumebebeana maji. Leo unakuja kuniambia mi naiba majani ya uchungu ya Madamu?" Sauti ikamkatika. "Nimewahi kuiba mume wa mutu? Nimewahi kuiba hata chumvi? Sasa nitaanza na magugu!"

"Kichanja chako kiko wapi?" Marcelline aliendelea. "Kiko nyuma ya jiko lako. Mbwa wako ananibwekea hata nikija kuomba moto. Usiku amebweka? Hajabweka. Basi angalia kwanza nyumba yako, halafu ndiyo uje kwangu na midomo hiyo." Akaushika mchi, akaanza kutwanga kwa nguvu, sombe ikaruka huku na huku.

Feza alirudi nyumbani akiona haya na akiogopa. Kikulacho ki nguoni mwako, waliokwisha kuliwa ndio waliosema. Nyumbani walikuwa watu wachache tu: yeye, Célestin, watoto wawili wadogo, na bibi Fatuma. Hakumwambia mtu. Jioni ile Célestin alikuja na habari kutoka kwa kapita, msimamizi wa kijiji: André anapita kesho asubuhi, anaanzia bonde la juu. "Yetu iko safi, si ndiyo?" aliuliza, akicheka kidogo kama mtu anayeomba aambiwe ndiyo. "Iko safi," Feza alimjibu. Alikuwa ameng'oa machipukizi yote ya mkinduni mchana uleule.

Kulipopambazuka alishuka bondeni ahakikishe. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mpunga. Akaona mtu amepiga magoti chini ya mkindu, amejifunika shuka jeusi, anachimba kwa kijiti. Kando yake pamewekwa mizizi mitatu juu ya jani la mgomba.

Alikuwa bibi Fatuma. Miguu ambayo haikuwa ya shambani ilikuwa imeshuka ule mteremko wote gizani.

Feza alisimama, mikono kichwani, akimtazama mama wa mume wake, mzee aliyempokea akiwa bibi harusi, aliyemkanda baada ya kuzaa, akiufukia mmea utakaompeleka mtoto wake mwenyewe kwenye kiboko. Mzizi wa kwanza ukaingia udongoni. Bibi aliulainisha udongo wa juu kwa kiganja, taratibu, kama anayemlaza mtu.

"Mama!" Feza alisema hatimaye. "Mama, unataka kumuua Célestin?"

Bibi Fatuma aligeuka. Hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyekuwa anajua kwamba siku hii itafika na amechoka kuisubiri. "Rudi nyumbani, mwanangu."

"Sirudi! Kesho, hapana, leo, asubuhi hii hii, monitère anakuja. Unajua kile walimufanyia. Umeosha mugongo wake na maji ya chumvi, ni weye! Unapanda nini hapa? Nani amekutuma? Ni uchawi?"

"Usiseme neno hilo."

"Basi niambie lile la kusema!"

Kijito kilikuwa kinapita, hakina habari. Kisha bibi akasema, akiangalia udongo na si uso wa mkwe wake: "Heri iko hapa."

Mwenzangu, kuna maneno ambayo masikio yanayasikia na kifua kinakataa kuyapokea. Heri alikuwa mtoto wa kwanza wa Feza. Alizaliwa mnene, mwenye kucheka, na homa ikamchukua kabla hajaota jino. Kwa desturi ya ukoo ule, mtoto wa namna hiyo haliliwi kwa sauti wala hafanyiwi matanga. Bibi wa upande wa baba humchukua alfajiri, humzika mahali penye maji ili apate baridi, peke yake, bila jiwe, bila alama. Mama wa mtoto haonyeshwi. Akionyeshwa, wanasema, tumbo lake linafunga. Feza alifungiwa ndani asubuhi ile, matiti yanauma kwa maziwa, kitambaa mdomoni asije akalia, na tangu siku ile hakuna aliyelitaja jina hilo mbele yake. Alizaa wengine wawili. Watu walisema amesahau. Mwenye kovu usidhani kapoa.

"Hapa?" alisema. "Hapa ninapolima?"

"Wakati ule haikukuwa shamba. Ilikuwa pori tupu. Serikali ndiyo ilikuja kupima mashamba nyuma ya pale." Bibi Fatuma alikuwa anaongea haraka sasa, kama maji yaliyopata tundu. "Kaburi ya mutoto mudogo haiwekwi alama, najua. Mi ndiye nilifundishwa hivyo. Lakini alikuwa mujukuu wangu wa kwanza, Feza. Moyo ulinishinda. Nilisikia watu wanasema maua ya Madamu haifi hata ukiitupa kwenye njia. Nilipanda kilima, nikachukua kipande kimoja, nikamupandia. Nilitaka kuweka juu yake kitu kisichokufa."

Feza alikodoa macho. Ng'ambo ya kilima, nyumba ya wageni! Maji ya kule yanashukia upande mwingine kabisa. Maji hayapandi kilima. Miaka yote watu walikuwa wanamlaani Madamu, wanalaani kijito, na bonde zima, mpunga uliozama, mgongo wa Célestin unaosubiri, vyote vilitoka kwenye kipande kimoja alichobeba bibi mmoja katika upindo wa nguo yake. Alitaka kucheka.

Kisha wazo jingine likamjia, na hilo lilimkalisha chini matopeni.

"Mama. Hapa nimekwisha chimba."

"Ndiyo."

"Nimechimba na jembe."

"Ndiyo, mwanangu."

"Siku ile ya kwanza. Nilitoa shina kubwa kama kitunga, nikaliburuta mpaka nyumbani. Mama, nilikuwa naimba!"

"Ulikuwa unaimba," bibi Fatuma alisema, na machozi yakamshuka bila uso wake kubadilika. "Wote mukalala mchana ule, mi nikashuka kuangalia kwenye shimo. Nilitaka nimuhamishe. Haikukuwa kitu. Maji na nyuzi za mizizi tu. Mifupa ya mutoto wa namna ile ni laini, Feza, na ile mizizi ilikuwa imemufunga, imemukula yote. Nikarudi, nikaona weye unapepea moto chini ya kichanja, na lile shina juu. Ningefanya nini? Yeye alikuwa juu pale! Nikavunja vipande vya pembeni kabla havijakauka, nikamurudisha kwenye kitanda chake. Ukamutoa tena. Nikamurudisha tena. Kila mara nimemutoa kwenye moto."

Feza aliiangalia mikono yake. Mikono hii hii. Alikuwa ameipanga mizizi ile mmoja mmoja, kwa ufundi, ikauke sawasawa. Alikuwa amejisifu nayo kwa Marcelline.

"Ungeniambia," alisema, kisha akapandisha sauti: "Ungeniambia, Mama! Neno moja!"

"Mimi niliambiwa neno moja!" Bibi naye alipaza sauti, kwa mara ya kwanza. "Nilipoteza musichana mbele ya kuzaa Célestin. Nililia sana mpaka bibi yake akanihurumia, akanionyesha. Nikazaa Célestin tu, na tumbo likafunga mpaka leo. Weye ulikuwa bado kijana. Nilikufungia mlango mi mwenyewe ili uzae. Umezaa. Sasa sema nilifanya vibaya."

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Watoto wawili walikuwa wamelala nyumbani, wazima, na huenda desturi ndiyo iliyowaleta na huenda siyo. Nani wa kujua? Ila Feza aliona uchungu wa hasira, si kwa bibi tu. Aliona hasira kwa mlango, kwa kitambaa, kwa kila mtu aliyepita mbele yake miaka hiyo akimsalimia kama hakuna kilichotokea.

Kengele ya baiskeli ikalia juu njiani. Krrr, krrr.

Wote wawili walijua ni nini. Na kama haikutosha, Célestin alikuja anateremka mbio, kofia tayari mkononi. "Ameanza na kwetu! Ameacha bonde la juu, ameanza na kwetu! Mama, unafanya nini hapa?" Akaona udongo uliofukuliwa. Akaona mizizi miwili juu ya jani. Rangi ikamtoka usoni. Alisimama wima, kofia kifuani, na Feza akaona jasho linavyolowanisha shati pale mgongoni.

Basi Feza alifanya lililokuwa la kufanya. Hakushika jembe. Aliingiza vidole udongoni, akautoa ule mzizi mmoja uliokuwa umelazwa, taratibu, asiuvunje. Akaifunga yote mitatu katika pindo la kikwembe chake, akaikumbatia tumboni.

André alishuka na baiskeli begani. Alisalimia kwa adabu, akimpa bibi Fatuma heshima yake. Alitembea kila tuta. Aliinama, akachokoa kwa kijiti, akaitikia kwa kichwa. "Kazi nzuri, Mama. Wangekuwa wote kama weye." Alipofika mkinduni akasimama. "Hapa udongo ni mubichi."

"Nimechimba sasa hivi," Feza alisema.

"Ilikuwa imeota?"

"Ilikuwa imeota. Nimeitoa."

"Mizizi yake iko wapi?"

André alimwangalia, akaangalia kikwembe kilichofungwa fundo na mikono miwili iliyokishika. Akapunguza sauti. Hakuwa mtu mbaya, tuseme kweli. "Mama, unajua sheria. Bwana Agronomo ataniuliza kama nimeona ikiungua, kwa macho yangu. Mi pia niko na mukubwa wangu. Nisipoona, itanibidi niondoke na baba." Na akageuza macho kidogo kwa Célestin, ambaye alikuwa amesimama wima, kofia kifuani, akitazama mbali.

"Feza," Célestin alinong'ona, "ni majani tu. Mpe."

Ni majani tu! Hakujua masikini. Na yeye hakuwahi kuonyeshwa.

Walipanda mteremko wote wanne, bibi akishikilia bega la mwanawe. Nyuma ya jiko moto ulikuwa unawaka vizuri, umekolezwa kwa ajili ya mgeni. Feza alifungua fundo. Mizizi ilikuwa baridi, mizito, yenye vidole vinono, na kwenye mmoja chipukizi jeupe lilikuwa limechungulia. Alisimama mbele ya makaa mpaka joto likamchoma miguu. Alimtazama mumewe, mgongo wake, lile shati. Aliye hai alikuwa mbele yake. Akapiga magoti, akaiweka mizizi katikati ya makaa kwa mkono, si kwa kuitupa, na nywele za mkono wake zikaungua asisikie.

Mizizi mibichi haiungui upesi. Ilitoa povu kwanza, ikachuruzika maji yake, ikapiga kelele nyembamba. Kisha ikaja ile harufu tamu ya ua, ikajaa uani pote. André alisema, "Basi. Vizuri. Asante, Mama." Feza alifungua mdomo alie, na hakikutoka kitu. Miaka mingi mno alikuwa amefundishwa kunyamaza.

Aliyelia ni bibi Fatuma. Yeye aliyefunga mlango, yeye aliyetia kitambaa mdomoni, alitupa shuka lake chini, akaweka mikono kichwani, akapiga kilio cha msiba, kile kirefu ambacho mtu hakosei kukitambua hata akiwa ng'ambo ya mto. "Uwiii! Heri wangu! Uwiii, mujukuu wangu, Heri!"

André aliruka nyuma. "Bibi! Bibi analilia magugu?"

Hapo Feza naye alikuwa amepata sauti. Ilimtoka kutoka chini kabisa, ikamwangusha, akagaragara katika majivu. Célestin alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, akautazama moto. Midomo yake ililisema jina lile bila sauti. Kisha akaelewa, na kofia ikamdondoka.

Kule bondeni majembe yalisimama. Kilio cha msiba hakiulizwi ruhusa. Ukikisikia unatupa ulichoshika unakuja. Wanawake walipanda mteremko wakikimbia, Marcelline mbele yao wote, na matope mpaka magotini, ugomvi wa jana ameutupa huko huko shambani. "Nani amekufa?" alipiga kelele. "Feza, nani amekufa?" Macho yake yalitafuta uani, yakawaona watoto wawili mlangoni mwa jiko, wazima, wameshikana mikono. Yakamwona bibi. Yakamwona Célestin. Hakuona maiti popote.

"Heri," Feza alisema kutoka chini. "Heri wangu amekufa."

Marcelline alikuwa amezaa na Feza mwezi mmoja. Jina hilo alilijua, na alikuwa mmoja wa wale waliopita mbele yake miaka yote wakimsalimia tu. Alipiga magoti pale pale majivuni, akamkumbatia, akaanza kulia pamoja naye. Nyuma yake wanawake wengine wakaketi chini mmoja mmoja, wakafungua vilemba.

André hakujua aweke wapi mikono yake. Alikohoa. Ukaguzi ulikuwa umekwisha, mashamba mengine yalikuwa yanamngoja, na upepo ulikuwa umeanza kuvuma. "Baba Célestin," alisema, "kazi imekwisha. Munaweza kuzima moto sasa."

Célestin aligeuka. Hakusimama wima, wala hakuiokota kofia.

"Hapana, Monitère," alisema. "Huu ni moto wa matanga. Hauzimwi." Akachukua gogo kubwa lililoegemea ukuta, akaliweka juu ya makaa, akakaa chini karibu na mke wake.